Wa Kwanza Kufika ni Mulongo

Tangu Muasya aibadilishe ile kompyuta, Ayuma hakujua tena kama anafanya kazi au anauguza. Unaiwasha, unaenda dukani kununua maziwa, unarudi, bado inajikuna. Unaandika neno, halionekani. Unaliandika tena, ghafla yanatokea yote mawili, halafu wewe ndiye unayeonekana mjinga. Taa yake ndogo ya mbele, ambayo zamani ilipepesa mara mojamoja, sasa haikuwa na mapumziko. Na huko ndani ni mkwaruzo kutwa nzima, krr krr krr, hata jirani yake fundi wa masufuria, mtu anayegonga mabati tangu asubuhi, akaja kuuliza kama kuna panya.

"Ni kompyuta," Ayuma akamwambia.

"Inatafuna nini?"

"Ningejua, si ningeinyima?"

Kibanda chake kilikuwa Kariobangi, katikati ya huyo fundi wa masufuria na mafundi wa majeneza. Watu wa kila aina walikuja kwake kuandikiwa: wa kadi za harusi, wa barua za kuomba kazi, wa vyama vya akina mama. Lakini kazi iliyomweka mjini, tusidanganyane, ilikuwa ya wafu. Mtu akifariki Dandora, Umoja au huko mbali Njiru, wenyewe wanakuja kuagiza jeneza kwa jirani, wakitoka hapo wanaingia kwa Ayuma kuagiza programu ya mazishi. Picha ya marehemu juu, historia yake ndani, nyimbo nyuma. Ayuma anachapa nakala moja safi, nyingine zinatolewa fotokopi.

Aliyemfundisha kupiga taipu alikuwa Bi. Wanza wa Kariokor, mwanamke mkali, na alikuwa na sheria moja ambayo hukuivunja ukabaki salama. Karatasi ya marehemu haifungwi mpaka azikwe. Nyumba ya matanga haifungi mlango, Bi. Wanza alisema, sasa wewe karatasi yake unaifungia una haraka gani? Enzi za taipu jambo lilikuwa rahisi, nakala inalala wazi mezani, jiwe juu yake, hadi Jumamosi ya kuzika. Kompyuta ilipokuja Ayuma hakuona kwa nini abadilishe adabu. Akafundishwa pahali pa kuweka kitu ili mashine ikiwashwa asubuhi kijifungue chenyewe, na hapo ndipo akawa anawaweka watu wake. Wakishazikwa, anawatoa, anawafunga.

Wote walifungwa. Mmoja tu hakufungwa, naye ni Mulongo, mume wake.

Mulongo alikuwa dereva wa lori la masafa. Aliondoka na mzigo kwenda Zaire mwaka ule vita vilipoanza kule, akapiga simu kutoka Kampala, akamwagiza Ayuma amwambie Kageha, binti yao, kwamba atamletea viatu. Basi. Lori halikuonekana, turniboi, msaidizi wake wa garini, hakuonekana, mwenye lori akaja kusema pole kwa mdomo mkavu. Baada ya mwaka ndugu zake wakasema hakuna haja ya kudanganyana, wakamwagiza Ayuma atayarishe programu, eti yeye si ndiye mwenye mashine? Lo! Akaitayarisha. Akaweka picha yake nzuri ile ya shati la mistari, aliyoipitisha kwenye skana huko mjini ikaja kwa disketi. Chini ya picha akaandika jina, akaandika mwaka wa kuzaliwa, akapiga mstari. Upande wa pili wa mstari akakosa la kuandika. Mwili haukuja, mazishi hayakuwapo, na karatasi ikabaki wazi. Kila asubuhi kompyuta ikiwashwa, wa kwanza kufika ni Mulongo, anajaa kioo chote na tabasamu lake, ndipo Ayuma anasema haya, tuanze kazi. Hakuwa mke, hakuwa mjane. Watu wakimwuliza yeye ni nani sasa, alikuwa anajibu kwamba maji yanachemka, ngoja aangalie jiko.

Kwa mashine ya zamani hayo yote hayakuwa na shida. Shida ilikuja wateja wa maofisini walipoanza kuleta disketi ambazo mashine yake haikuweza kuzisoma. Ndipo Muasya, Mkamba wa kanisani kwao, karani wa ofisi moja Industrial Area na mwimbaji wa besi, akajitolea kumwekea mfumo mpya, ule wa picha ya mawingu. Muasya aliijua kompyuta kama wengi walivyoijua miaka ile, kwa kusimama nyuma ya mtu anayeijua. Akaja na rundo la disketi, akazilisha moja baada ya nyingine, akahamisha kila kitu cha zamani kama kilivyokuwa. Mawingu yakatokea, wote wawili wakapiga makofi. Kesho yake krr krr ikaanza.

Basi Alhamisi moja Lusweti akaingia kibandani bila kupiga hodi. Lusweti ni kaka mkubwa wa Mulongo, mfanyakazi wa kiwanda, mtu wa sauti kubwa, lakini siku hiyo sauti haikuwapo.

"Shemeji," akasema. "Mama ametuacha."

Ayuma akaweka mikono kichwani. Mama mkwe wake, Mama Nanjala, alikuwa ameletwa Nairobi kutibiwa, na juzi tu Ayuma alimpelekea uji hospitalini. Alimpenda yule mama. Katika ukoo mzima yeye peke yake ndiye ambaye hakuwahi kumsukuma kuhusu Mulongo. Walikaa wakalia, hata mafundi wa majeneza wakanyamazisha misumeno kwa heshima, ingawa kwao kilio ni kitu cha kila siku.

Walipofuta machozi Lusweti akasema basi la kwenda nyumbani Bungoma linaondoka kesho mchana, kuzika ni Jumamosi, na programu lazima iandikwe na Ayuma mwenyewe. Akaanza kumtajia. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa. Mashine ikawa inafuata nyuma polepole kama mzee anayepanda mlima, lakini ilifuata.

"Ameacha watoto," Lusweti akaendelea. "Wa kwanza Lusweti, ndiye mimi. Wa pili marehemu Mulongo."

Mikono ya Ayuma ikasimama.

"Andika, shemeji."

"Nani amekuambia ni marehemu?"

"Na nani amekuambia ni mzima?" Lusweti akashusha pumzi. "Sikiliza, Mama Kageha. Wazee wamekaa. Wanasema mama akilazwa kaburini, Mulongo alazwe kando yake. Vijana watakata mgomba, tutauvisha koti lake, tutauzika kama desturi inavyosema mtu akipotea mwili. Mtu hawezi kuning'inia hewani namna hii. Wewe pia huwezi."

Ayuma akageukia mashine. Akaliruka lile neno, akasema kwanza aingize picha ya mama, ile iliyokuja kwenye disketi moja na ya Mulongo, hayo mengine yatakuja. Akabonyeza. Taa ikapepesa, mashine ikakwaruza, ikakwaruza, kisha kikatokea kijisanduku cha maneno katikati ya kioo.

"Inasemaje?"

"Inasema memori haitoshi."

"Memori ya nini?"

"Sijui, shemeji. Yake."

Akajaribu tena. Kijisanduku kilekile. Akaizima, akaiwasha, wakangoja. Mawingu yakaja, kisha Mulongo akaja akajaa kioo na shati lake la mistari, na Lusweti akageuza uso akatazama nje. Picha ya mama ikakataa tena.

"Unaona?" Lusweti akasema kwa sauti ya chini. "Mama anakataa. Hataki kuondoka na mwanawe hajalazwa."

Ayuma akaondoa mkono kwenye mausi. Alikuwa mtu wa kanisa, mambo hayo hakuyapenda, lakini wazo lake mwenyewe halikuwa mbali sana na la Lusweti. Na kama anakataa mwanawe asiitwe marehemu? Mashine yenyewe haieleweki, na sasa mpaka marehemu walikuwa wanavutana ndani yake, kila mmoja upande wake.

"Nenda ukamalize mambo ya gari," akamwambia Lusweti. "Kesho asubuhi utaikuta tayari."

"Bila kukosa?"

"Shemeji, ni mama yangu pia."

Lusweti alipotoka tu, Ayuma akakimbia kwenye simu ya kulipia barabarani, akampigia Muasya ofisini.

Muasya akaja kazi ilipofungwa, tai shingoni bado. Akavua koti, akasema pole ya msiba, akapewa chai, akasema chai ya Waluhya ni chakula kamili. Kisha akaketi na kukunja uso kama daktari.

"Mama Kageha, nikueleze. Hii mashine ina kabati na ina meza. Kabati ni kule ndani unakohifadhi. Kubwa, haijai leo. Meza ndiyo memori. Kitu unachokifanyia kazi lazima kitoke kabatini kikae mezani. Sasa mfumo huu mpya ni mnene, ukikaa tu umemaliza nusu ya meza. Ikikosa nafasi inaanza kukimbia kabatini na kurudi, kabatini na kurudi. Ndiyo hiyo krr krr."

"Sawa. Na meza yangu imejaa nini?"

"Hapo," Muasya akasema kwa heshima zote, "ndipo sielewi."

Akaanza kupunguza. Akaondoa milio, ile ya tarumbeta na ile ya kengele. Akaondoa aina za herufi za mapambo ambazo hakuna aliyewahi kuziomba. Akataka kufuta mchezo wa karata, Ayuma akapiga kelele, maana siku zisizo na wateja karata ndizo zilizomtunza. Muasya akazifuta hata hivyo, akisema msiba hauna karata. Kila baada ya kufuta aliizima akaiwasha, na kila ilipowaka, mawingu, kisha Mulongo huyo, anajaa kioo. Muasya alipomwona alikuwa anainamisha macho na kufungua haraka kitu kingine kimfunike. Kisha anatazama hesabu ya memori, na hesabu ni ileile. Hakuna kilichoandikwa bado, na meza tayari imejaa!

"Aka!" Muasya akasema, shati limemlowa jasho. "Hii imenishinda. Nimeondoa mpaka vumbi. Labda nikurudishie mfumo wa zamani."

"Na programu ya mama?"

"Itachukua muda. Pengine Jumapili."

"Mama anazikwa Jumamosi, Muasya!"

Sasa Ayuma alikuwa analia wazi, na hakujua analilia nini, mama mkwe au mashine au lile neno aliloliruka. Muasya, kwa kukosa la kufanya, akabonyeza vile vitufe vitatu kwa pamoja ambavyo watu wa ofisini kwao huvibonyeza wakishakata tamaa. Kikatokea kisanduku chenye majina ya vitu vyote vilivyofunguliwa mezani. Akavisoma kimoja kimoja kwa kidole, kisha kidole kikasimama.

"Mama Kageha," akasema taratibu. "Unisamehe. Huyu baba... hii picha yake. Nilidhani umeibandika kama ya ukutani."

"Ukuta gani?"

"Si watu huweka picha nyuma ya kioo, za maua, za milima? Nikasema mama wa watu amemweka mumewe hapo. Nikaona si adabu kuuliza."

"Siyo ya ukutani," Ayuma akasema. "Ni programu yake. Huwa iko wazi."

"Iko wazi tangu lini?"

"Tangu niiandike. Hajazikwa, nitaifungaje?"

Muasya akaegemea nyuma, akashika kichwa. Ebo! Saa zote hizo wanafuta tarumbeta na kengele, na mwenye meza ameketi katikati wanampisha kwa heshima! Akafungua kinywa kumweleza, polepole.

"Hiyo picha, ikiwa kwenye disketi ni ndogo. Lakini ikifunguliwa inavimba, kama mchele, kikombe kimoja kinajaza sufuria. Mashine ya zamani ilikuwa inakula kidogo, wakatoshana. Hii mpya inakula sana, na yeye hatoki. Ndiyo maana mama yake anakosa pa kukaa."

Ayuma akamtazama Mulongo. Mulongo akatabasamu kama kawaida yake.

"Hamna dawa nyingine?"

"Kununua memori nyingine mjini ipo. Lakini si ya leo." Muasya akainuka, akachukua kikombe chake kisicho na chai. "Mimi sikuambii uifunge. Hayo ni yako. Naenda kusimama hapo nje kidogo."

Akatoka kweli, akasimama na fundi wa masufuria, wakaongea habari za mvua.

Ayuma akabaki na mausi mkononi. Hasira ndiyo iliyomjia kwanza. Yaani wazee wamemsukuma akakataa, mchungaji amemsukuma akakataa, sasa aje kusukumwa na chombo cha umeme! Kisha hasira ikaisha, ikabaki hofu, na hofu hiyo ilikuwa na sura moja tu: kwamba akifunga, ndiye atakayekuwa amemuua. Mpaka hapo hakuna aliyekuwa amemuua. Wenye vita hawakusema, mwenye lori hakusema. Angekuwa yeye, kwa kidole.

Akakumbuka uji wa juzi. Mama Nanjala alikuwa amekunywa vijiko vitatu vinne, akasema inatosha, akamshika mkono, akauliza kama mtoto wake amepiga simu. Ayuma akamwambia bado, mama. Yule mama akasema haya, akija mwambie nilikuwa namngoja.

"Mpishe mama yako," Ayuma akamwambia Mulongo kwa sauti. Akaitoa pale pa kufunguka yenyewe asubuhi, akaifunga.

Kioo kikawa kitupu. Krr krr ikaendelea kidogo, ikapungua, ikanyamaza. Taa ya mbele ikatulia. Kimya kile kilimshtua Muasya, akachungulia mlangoni, akakuta picha ya Mama Nanjala imekaa mahali pake, kilemba chake cha Jumapili na yote, na Ayuma anaandika bila kuinua kichwa, machozi yanadondoka juu ya herufi.

Asubuhi Lusweti akaikuta nakala safi mezani. Akaisoma akiwa amesimama, midomo inacheza. Alipofika kwa watoto akasimama.

"Shemeji. Umeacha pengo hapa. Wa pili, halafu pengo, halafu Mulongo."

"Ndiyo."

"Neno liko wapi?"

"Nimekuachia nafasi ya kulitosha." Ayuma akamsogezea kalamu nyeusi. "Mimi nimeshindwa. Wewe ni kaka yake, na ndiye unayejua. Andika kwenye hiyo moja tu, kwa herufi nzuri, fotokopi zote zitatoka nalo."

Lusweti akaichukua kalamu kama mtu aliyeshinda. Akaitoa kifuniko, akainama. Akapima nafasi. Akainuka, akafuta kiganja kwenye suruali, akainama tena. Nje mafundi wa majeneza walikuwa wanapiga randa, na ncha ya kalamu ilikuwa inaelea juu ya karatasi bila kuigusa. Yule mtu wa sauti kubwa, aliyekuwa amesema marehemu mbele ya wazee, mbele ya kanisa na mbele ya Ayuma mwenyewe, alikuwa hajawahi kuliandika.

"Tulilala blanketi moja," akasema mwishowe. "Mimi na yeye. Mpaka tukavunja sauti."

"Najua, shemeji."

Akarudisha kifuniko. Akakaa juu ya stuli ya wateja, mikono katikati ya magoti.

"Na ile yake," akauliza bila kumtazama. "Jana ilikuwa hapo kwenye kioo. Leo siioni. Umeitupa?"

"Sijaitupa. Nimeifunga tu. Imetoka mezani ili mama apate nafasi. Iko kabatini."

"Na mtu akiitaka?"

"Inafunguka."

Lusweti akatikisa kichwa kukubali, muda mrefu, kama anayepiga hesabu ngumu. "Basi peleka fotokopi hivyohivyo," akasema.

Jumamosi, huko nyumbani, msomaji wa historia alipofika kwenye pengo alidhani macho yamemchezea. Akaisogeza karatasi, akaisogeza tena, akamtazama Lusweti, Lusweti akatazama kaburi. "Wa pili," akasema, "Mulongo." Akaendelea na wa tatu. Wazee wakanong'onezana, lakini msimamizi ni mtoto wa kwanza, na mtoto wa kwanza hakusema neno. Mgomba uliokuwa umeshakatwa ukabaki nyuma ya jiko, mbuzi wakaula.

Jumatatu Ayuma akafungua kibanda, akawasha kompyuta. Mawingu yakaja, yakaondoka upesi, kazi ikawa tayari. Upesi mno. Hakuwa hata amevua sweta. Kioo kilikuwa kitupu, hakuna aliyefika, na yeye akabaki amekisimamia hajui pa kuanzia. Basi akaenda kabatini. Akamtafuta, akamkuta, akamfungua. Krr krr kidogo, na Mulongo huyo na shati lake la mistari. Akamtazama mpaka macho yakatosheka. Hodi ikapigwa mlangoni. Alikuwa mama mmoja mwenye leso mkononi na macho mekundu. Ayuma akamfunga Mulongo kwa kidole chake mwenyewe, akavuta stuli.

"Karibu, mama. Pole sana. Jina lake nani?"